Nukta za Penseli

Kazi ya baba yangu ilikuwa kusoma mto. Kuanzia mwaka 1978 hadi 1999, kila asubuhi saa tatu na kila jioni saa kumi, alishuka ukingoni pale darajani, akautazama ubao wa chuma wenye alama za sentimita uliosimikwa majini, akaandika namba. Basi, kazi ndiyo hiyo. Hakuwa mtaalamu. Alikuwa na darasa la saba, ekari moja na nusu ya mpunga, na posho iliyokuwa ikija siku inapojisikia kuja. Kila mwisho wa mwezi alinakili namba zake kwenye fomu, fomu ikapanda basi kwenda mjini, na habari zake zikaishia hapo. Sisi watoto tulichojua ni kimoja tu: daftari la baba haliguswi.

Mto wenyewe ni mmoja wa ile midogo inayoshuka kutoka milimani kuingia Usangu, wilaya ya Mbarali. Nitauacha bila jina, na mbele mtaelewa kwa nini. Maji yake huingia Ruaha Mkuu, yakapita kwenye kinamasi cha Ihefu, yakavuka Hifadhi ya Ruaha, yakajaza Mtera na Kidatu, kisha yakakutana na maji ya Kilombero na Luwegu ndani ya Rufiji, hadi baharini mkabala na Mafia. Bonde zima la Rufiji lina takriban kilomita za mraba 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Sisi kule juu tulilijua daraja letu.

Mwaka juzi nilipata kazi ya kutafsiri. Watafiti walitaka muhtasari wa utafiti wao kuhusu bonde hili uwekwe kwa Kiswahili ili usomwe vijijini. Kurasa kumi na mbili. Nikajiambia, hii ni kazi ya siku tatu. Ilinichukua wiki sita. Kila nilipokwama kwenye neno nilifungua ripoti waliyoitaja, ile ikanipeleka kwa nyingine, mpaka nikajikuta nimepitia miaka sitini ya maandishi kuhusu mto mmoja. Nilizisoma ripoti hizo kama ninavyosoma riwaya, maana ndio usomaji ninaoujua. Nani mhusika mkuu hapa? Nani adui? Nani katajwa ukurasa wa kwanza halafu hakuonekana tena?

Nilichokiona ni hiki: kila kizazi cha watafiti kilikuja na swali lake, na swali ndilo lililogawa nafasi za wahusika. Maji yalikuwa yale yale. Namba pia, mara nyingi, zilikuwa zile zile.

Swali la kwanza lilikuwa: mto huu utatupa nini? Mwaka 1961 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti kubwa ya upimaji wa bonde, na kwa miaka ishirini iliyofuata walioandika waliandika kuhusu hekta za kumwagilia na megawati za kuzalisha. Bwawa la Kidatu likakamilika 1975. Mwaka huo huo ikaundwa RUBADA, mamlaka ya kuliendeleza bonde. Mtera ikafuata, na tafiti za bwawa kubwa kule Korongo la Stiegler zikajaza makabati. Katika maandishi haya mhusika mkuu ni ukuta wa zege. Mto ni mali ghafi, na mafuriko ni hasara ya kudhibitiwa.

Sasa waulize Warufiji kuhusu mafuriko. Kwa vizazi walilima kwa kuyafuata maji: yakipanda, watu wanahamia kwenye madungu; yakishuka, wanapanda kwenye tope jipya, kilimo wanachokiita mlau. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali iliwahamisha kutoka bondeni kwenda vijiji vya miinukoni, kwa nia ya kuwaokoa. Kjell Havnevik wa Norwei alilichimba jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1993, akionyesha mipango iliyoshushwa kutoka juu ilivyomwacha mkulima wa Rufiji pembeni. Lakini ukifungua ripoti za wahandisi za miaka ile, mlau unaweza kuutafuta kwa tochi.

Baba aliajiriwa katika zama hizo. Huwezi kujenga ukuta bila kujua mto unajaa kiasi gani, kwa hiyo alihitajika mtu wa kusimama kingoni. Swali lilipobadilika yeye hakuambiwa. Aliendelea kuandika.

Swali la pili lililetwa na kiangazi cha 1993. Ruaha Mkuu, ambao ndani ya hifadhi ulikuwa ukitiririka mwaka mzima, ulikatika. Viboko walisongamana kwenye madimbwi ya matope. Mwaka uliofuata ukakatika tena, na tangu hapo kukatika kukawa desturi. Miaka hiyo hiyo Dar es Salaam ilikuwa na mgao wa umeme, watu wanasikia kwenye redio kwamba kina cha Mtera kimeshuka. Basi watafiti, wanasiasa na wauza mkaa wote wakawa na swali moja: nani kaula mto?

Jibu la barazani lilikuwa tayari. Wafugaji. Wasukuma na ng'ombe wao, eti wamekanyaga Ihefu mpaka imekufa.

Kati ya 1998 na katikati ya miaka ya 2000 ilikuja miradi miwili mikubwa ya utafiti Usangu, SMUWC na baadaye RIPARWIN, na hii ilikaa muda wa kutosha kutazama maji yanakwenda wapi. Walichokikuta hakikufanana na la barazani. Sababu kubwa ya mto kukatika kiangazi ilikuwa mifereji ya umwagiliaji, iliyoendelea kuchota maji hata miezi ambayo majaruba hayana mpunga. Tena yale mabanio ya zege yaliyojengwa kwa fedha za wafadhili, kwa jina la kuboresha, yaliwapa walio juu uwezo wa kuuchota mto karibu wote maji yanapopungua. Banio la zamani la magogo na nyasi lilivuja, na kule kuvuja kulikuwa ndiyo mgao wa walio chini. Kuhusu umeme, Mtera hujazwa na maji ya masika. Maji ya kiangazi ni machache mno kueleza giza la Dar.

Bruce Lankford na wenzake waliokuwa kwenye utafiti huo walibuni mchezo wa kulieleza jambo hili kwa wakulima. Ni ubao ulioinamishwa, umechongwa mfereji mmoja mkubwa na midogo ya pembeni. Mwagiliaji anaweka kijiti chake kama banio, gololi zinaachiliwa kutoka juu, kila mmoja anachota anachoweza. Baba aliucheza mara moja akiwa ameshaacha kazi, akarudi nyumbani anacheka peke yake. "Watu wazima tunagombania gololi," aliniambia. "Mimi nilikaa chini kabisa. Nilipata mbili."

Lakini kuna maneno yanayosafiri haraka kuliko ripoti. Mwaka 2001 waziri mkuu aliahidi mbele ya dunia kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 ikaja amri ya kuwaondoa wafugaji Usangu na Ihefu. Jirani yetu mmoja, mzee niliyemwita babu tangu utotoni, aliuza ng'ombe kumi na saba kwa bei ya mbuzi, waliobaki wakapandishwa malori. Wengi walielekezwa Lindi na Pwani. Wapo waliofika hadi Rufiji. Yaani watu walioshtakiwa kuukausha mto juu walipelekwa kuishi karibu na mdomo wake. Mwaka 2008 eneo likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Mwaka 2010 ukaja, ukapita, na kiangazi mto ukakatika kama kawaida yake.

Martin Walsh aliyaandika haya mwaka 2012, katika makala inayofuatilia taharuki yenyewe: nani alisema nini kwanza, na ilirudiwaje mpaka ikawa ukweli. Nilipoisoma nilikumbuka tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya 1969. Maji yake yanatoka pande hizo hizo za Rufiji, na kiini chake ni neno linalomzidi nguvu mtu aliyelitamka. Shuleni tulifundishwa kwamba ile ni habari ya 1905.

Swali la tatu lilimhusu mto wenyewe: naye anahitaji kiasi gani? Lililetwa kwa sehemu na chura. Mwaka 1996, wakati bwawa la Kihansi linajengwa upande wa Kilombero, watafiti walimkuta chini ya maporomoko chura wa manjano asiyefika sentimita tatu, anayezaa watoto hai, anayeishi kwenye eneo la hekta chache linaloloweshwa na mnyunyizo wa maporomoko hayo. Hakuwa amejulikana popote duniani. Mitambo ilipoanza, maji yakaelekezwa kwenye mahandaki na mnyunyizo ukapungua vibaya. Wakafungiwa mabomba ya kunyunyizia maji, na mamia kadhaa wakasafirishwa kwenda bustani za wanyama Marekani. Mwaka 2003 waliobaki korongoni walikufa karibu wote, na ugonjwa wa ukungu ukatajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba ametoweka porini. Mwaka 2012 wajukuu wa wale wa Marekani walirudishwa Kihansi.

Watu wengi walicheka, na baba alikuwa mmojawao. Chura anapanda ndege? Lakini nadhani yule chura alifanya kitu ambacho watu wa Rufiji na wafugaji wa Ihefu hawakuweza. Aliwalazimisha wahandisi kuandika kwamba maji yanayopita bila kuzalisha kitu yana kazi. Sera ya Maji ya 2002 ikaweka mazingira katika nafasi ya pili, mara baada ya maji ya matumizi ya nyumbani, na sheria ya 2009 ikatambua akiba ya maji kwa ajili ya viumbe. Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzake walipiga hesabu ya Ihefu: ili nusu mita ya ujazo tu kwa sekunde iendelee kutoka kwenda hifadhini wakati wa kiangazi, Ihefu inapaswa kupokea wastani wa mita za ujazo 7 kwa sekunde. Hiyo ni karibu mara mbili ya maji yaliyokuwa yakiingia wakati huo. Maana yake, kwa lugha ya kijijini: kila mwenye banio ajifunze kulifunga, si mwenye ng'ombe pekee.

Sasa tuko kwenye swali la nne, ambalo ni gumu kulitaja kwa sababu bado tumo ndani yake. Karibu kila makala ninayoifungua inaanza na picha ya setilaiti, halafu programu ya kompyuta inayokisia: mabadiliko ya tabianchi yakija hivi, mashamba ya Kilombero yakipanuka vile, maji yatakuwa kiasi gani? Ni maswali ya lazima. Kilombero ndiyo inayotoa zaidi ya nusu ya maji yote ya Rufiji, na bonde lake la mafuriko, makazi ya sheshe, linageuka mashamba. Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022 pale pale ambapo ripoti za zamani zililiota. Chini yake kuna mabwawa ya asili ya samaki, kuna mlau, kuna mikoko ya delta yenye hekta zaidi ya 50,000, na vyote vinaishi kwa tope na mafuriko. Stéphanie Duvail na Olivier Hamerlynck waliandika mwaka 2007 kuuliza kama mafuriko ya Rufiji ni balaa au baraka, wakiwasikiliza watu wanaoishi nayo. Aprili 2024 maji yalifunika nyumba na mashamba Rufiji na Kibiti, na swali likarudi likiwa na matope hadi kiunoni.

Lakini programu ya kompyuta haijui mto mpaka ifundishwe, na inafundishwa kwa namba za zamani. Vituo vingi vya kupimia vimeshakufa. Ubao wa baba ulisombwa na mafuriko miaka mingi iliyopita, haukurudishwa. Kwa hiyo makala ya leo, pamoja na setilaiti zake, imesimama juu ya mtu aliyeshuka kingoni mwaka 1984.

Hapo ndipo tafsiri yangu ilipokwama. Ukurasa wa tisa ulikuwa na sentensi moja: takwimu za vituo vya zamani zina mapengo na makosa ya wasomaji. Kwenye jedwali la mwisho, katika orodha ya vituo vilivyotumika, kituo cha baba kilikuwepo.

Nilikwenda nyumbani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umekonda. Mjini hawali?"

Nilimweleza. Nilijaribu kuifanya ionekane jambo dogo. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, akamwita mdogo wangu amletee sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda. Daftari zilikuwa ishirini na moja, moja kwa kila mwaka.

"Makosa yapo," alisema. "Tena si ya kusoma. Nilikuwa nasoma vizuri. Zipo siku sikwenda."

"Ukaandika nini?"

"Namba ya jana. Au ya jana na kidogo, kama mvua imenyesha." Alifungua daftari moja, akanionyesha kwa ukucha. Pembeni ya namba kulikuwa na nukta ndogo ya penseli. "Kila niliyoitunga niliiwekea nukta. Kwenye fomu sikuweka. Fomu ikiwa na pengo, posho inakatwa, na ilikuwa yenyewe haiji. Lakini daftari ni langu. Sikutaka kujidanganya na mimi."

Tulizihesabu pamoja hadi usiku. Katika namba zaidi ya elfu kumi na tano kulikuwa na nukta 41. Alikumbuka karibu zote. Msiba wa bibi, nukta sita. Malaria ya 1987. Siku tatu za 1998 ambazo mto ulikuwa umepanda juu ya daraja na hakuna mtu mwenye akili ambaye angesogea. Nukta mbili, asubuhi na jioni, za tarehe niliyozaliwa.

"Mama yako alikuwa na hali mbaya," alisema. "Mto ungeningoja."

Nilimuuliza kama niwaambie watafiti. Kusema kweli nilitaka aseme hapana. Mzee wa miaka sabini na kitu, sifa yake yote pale kijijini ni kwamba alisoma mto miaka ishirini na moja. Kwa nini nimpeleke mimi kuwa kosa kwenye ukurasa wa tisa? Nilikuwa nimeshapanga hoja kichwani: namba 41 katika elfu kumi na tano hazibadilishi kitu.

"Waambie," alisema. "Yule babu yako wa ng'ombe aliondolewa hapa kwa namba. Sijui kama za kwangu zilikuwemo. Waambie tarehe zote."

Nilipiga picha kila ukurasa. Nikaandika orodha ya nukta 41 na tarehe zake, nikaituma pamoja na tafsiri, nikaomba jambo moja tu: palipoandikwa takwimu zilikusanywa, niruhusiwe kuandika nani alizikusanya. Kwa Kiswahili kitenzi hicho cha kutendwa kinasikika kama namba ziliota zenyewe kando ya mto. Tafsiri yangu inasema wasomaji wa vipimo, wanaume na wanawake wa vijiji vya jirani, walishuka mtoni mara mbili kwa siku.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Walishukuru. Walisema zile namba 41 wameziondoa, mahali pake pamebaki wazi. Wakauliza kama kuna wasomaji wengine wa zamani walio hai wenye daftari zao, maana daftari lenye nukta hawajawahi kuliona. Nimeshapata wawili, mmoja daftari zake zililiwa na mchwa.

Nilimpigia baba simu kumwambia.

"Wameziondoa zote?"

"Zote, baba."

"Na zile nyingine?"

"Zimebaki."

"Haya," alisema, kisha akaniuliza kama Dar mvua zimeanza.